Pembe zile zilikuwa na kwao

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie makala yenu kuhusu maisha ya zamani katika miji midogo ya Marekani. Mwandishi ameyasimulia kwa utamu: baraza za mbao, muuza maziwa na gari lake la farasi, jioni familia nzima sebuleni na binti wa nyumba anapiga piano. Sina ugomvi na hayo. Ile sehemu ya kuku walioingia kanisani wakati wa mahubiri nilimsomea mke wangu kwa sauti. Ninalo neno juu ya sentensi moja tu. Amesema vibao vyeupe vya piano vilivikwa pembe za ndovu “kutoka Afrika”, kisha akarudi kwenye biskuti za bibi.

Mwandishi huyo huyo amehakikisha tunajua duka la dawa lilikuwa upande gani wa barabara. Sasa bara zima linakuwaje anwani?

Mimi nakaa jimbo la Connecticut, si mbali na vijiji viwili ambavyo vingemsaidia: Deep River na Ivoryton. Vinapakana, viko bondeni karibu na mto Connecticut unapoingia baharini, na kwa zaidi ya miaka mia moja vilikula kwa pembe. Mwanzoni zilikuwa za kutengenezea vitana. Piano zilipopata soko, kampuni ya Pratt, Read kule Deep River na ya Comstock, Cheney kule Ivoryton zikageukia vibao. Kufikia mwaka 1910 Marekani ilikuwa ikitengeneza piano zaidi ya 300,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya pembe zilizoingia nchini ilipita mikononi mwa vijiji hivi viwili.

Kazi yenyewe ilitaka jicho. Pembe ilikatwa magogo mafupi, magogo yakapasuliwa kwa misumeno myembamba hadi vipatikane vipande vinavyopitisha mwanga. Vililowekwa kwenye dawa, vikaanikwa wiki kadhaa ndani ya majengo marefu ya vioo yaliyoelekezwa kusini kulifuata jua, watu wakivigeuza mpaka weupe ulingane. Picha za majengo hayo zipo, na mgeni angedhani ni mabanda ya kukuzia nyanya. Kila kibao kilivikwa vipande viwili, kipana mbele na chembamba nyuma. Ukikutana na piano kuukuu, inama uitazame kwa upande wa dirishani. Pale vipande vilipokutana utaona mstari mwembamba ukikatiza kibao. Kwenye plastiki huuoni.

Kazini kwangu namhudumia mzee aliyepita miaka 90, ambaye baba yake alikuwa mpasuaji pembe. Anakumbuka vumbi jeupe kwenye mikunjo ya suruali ya baba, na mama yake akilikung'utia kwenye bustani maana lilistawisha mboga. Anaukumbuka ukumbi ambao kiwanda kiliwajengea wafanyakazi mwaka 1911. Leo ni jumba la maigizo. Nilimuuliza pembe zilitoka wapi. Akanijibu bila kusita: Zanzibar.

Huyo amemshinda mwandishi wenu kwa mbali. Lakini Zanzibar haina tembo.

Zanzibar ilikuwa mizani na bandari. Konseli wa kwanza wa Marekani pale, Richard Waters, alifika mwaka 1837 akitokea Salem, Massachusetts, na kazi ya ukonseli haikumzuia kufanya biashara zake. Baadaye George Cheney alikaa kisiwani miaka kadhaa akinunua pembe, ndiye wa jina lile lile lililopo kwenye kampuni ya Ivoryton. Waliitaka pembe ya Afrika Mashariki kwa kuwa ni laini, haipasuki ovyo chini ya msumeno. Wao wakaleta merikani, nguo ya pamba iliyofumwa kwenye viwanda vya kwao. Kutoka Unguja unavuka hadi Bagamoyo, unapanda Tabora, unafika Ujiji, unavuka ziwa Tanganyika kuingia Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyetusimulia maisha yake kwa Kiswahili, anataja frasila za pembe, kipimo cha uzito cha wakati ule, kama karani wa ghala. Hizo ndizo anwani.

Na mabegani mwa nani? Hapa napingana pia na wale watakaomjibu mwandishi wenu kwa kusema kila pembe ilibebwa na mtumwa mwenye minyororo. Watumwa walikuwepo, na Manyema iliteketea kwa sababu ya pembe. Lakini wapagazi wengi kati ya Tabora na pwani walikuwa Wanyamwezi huru waliolipwa ujira wa nguo, na kwa kijana, kufika pwani na kurudi ilikuwa heshima. Kuwaita wote watumwa ni kuwanyang'anya hata mshahara wao.

Kule Deep River nako mambo hayanyooki. George Read, mmoja wa wenye kiwanda, alikuwa mpinga utumwa wa dhati. Alimpokea na kumhifadhi Daniel Fisher, mtumwa aliyetoroka kutoka kusini, ambaye alibadili jina akaitwa William Winters na akaishi pale pale kijijini. Mtu huyo huyo aliishi kwa pembe ambazo njiani ziliacha vijiji vimechomwa. Sidhani alikuwa mnafiki. Nadhani alimwona Fisher kwa macho yake, njia za pembe hakuziona. Simulizi za kumbukumbu nyingi zina kasoro hiyo: zinaona vizuri sana hadi mwisho wa barabara ya kijiji.

Nasi pia tuna yetu. Nimepata kutembezwa Bagamoyo na kijana aliyejua kila jiwe la mji, na tulipofika kwenye habari za pembe akasema zilipelekwa “Ulaya”, basi. Nyingine zilikwenda huko kweli. Lakini shehena baada ya shehena ziliishia kwenye vijiji viwili vya Connecticut ambavyo majina yake hayamo kwenye vitabu vyetu vya shule.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni safu ya historia za mitaa yetu wenyewe, ziandikwe kwa udadisi ule ule aliouonyesha mwandishi wenu kwa duka la dawa. Mwanzie Tabora na Ujiji, kwenye familia ambazo babu wa babu alikwenda pwani. Waulizwe mambo madogo: alibeba mzigo gani, alilala wapi, alimletea nini mkewe, alilipwa mikono mingapi ya nguo. Ivoryton wanajua nani aliishi nyumba ipi ya kiwanda. Mkianza, mimi niko tayari kuwatumia kutoka huku nakala za picha za yale majengo ya vioo, na kumuuliza mzee wangu lolote mtakalotaka.

Msomaji wenu,
Middletown, Connecticut