Barua kwa mwanangu aliye Auckland

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka hapa nyumbani Vaimoso, Samoa. Sote wazima, ila mimi tangu nisikie redioni kwamba surua imeonekana tena huko New Zealand, usingizi umenipaa. Kabla hujakata tiketi ya Krismasi niambie: mtoto amechanjwa?

Usinijibu "tutaona, mama". Huko dozi ya kwanza hutolewa mtoto akitimiza miezi 12, ya pili miezi 15. Mjukuu wangu ameshaupita umri wa dozi zote mbili. Mpeleke.

Unasema nimezidisha woga. Wewe umekulia kijiji chenye kaburi la pamoja la wafu wa 1918! Meli ya Talune ilitia nanga Apia tarehe 7 Novemba ikitokea huko huko uliko, na homa ya mafua iliyokuja nayo ikaua watu wetu wapatao 8,500, kama mtu mmoja kati ya watano. Jirani zetu wa Samoa ya Marekani walifunga bandari, hakufa hata mmoja.

Na surua ya 2019, ambayo pia ilitokea huko, hukuwepo. Nyumba zenye watu wasiochanjwa zilitundika vitambaa vyekundu, ofisi za serikali zikafungwa siku mbili, wauguzi wakapita mlango kwa mlango. Walikufa 83, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Najua utanikumbusha kwamba mwaka uliotangulia sisi wenyewe tuliikimbia sindano, baada ya wale vichanga wawili wa kisiwa cha Savai'i kufa walipochanjwa. Nani asingeogopa? Lakini wale waliuawa na dawa nyingine iliyochanganywa kimakosa, chanjo haikuwa na hatia. Mpeleke mtoto, mwanangu.

Baba yako kila akitoka kanisani anawasimulia watu habari za kazi yako. Nami najivunia, pesa uliyotuma imeezeka upya fale, nyumba yetu ya jadi, mvua haituingilii tena. Ila kutupia picha mtandaoni kila siku na simu ya mama hupokei, hilo limeniuma.

Mshelisheli wa nyuma umezaa mpaka tunagawia majirani. Majimbi ya umu, tanuri letu la mawe la Jumapili, bado tunayanunua soko la Fugalei, na bei haishikiki. Mjomba wako anapewa cheo cha matai, yaani mkuu wa ukoo, kwa hiyo mchango wa mikeka na nguruwe unatungoja.

Zawadi usihangaike nazo. Niletee dawa ya presha ya baba yako, na kadi ya chanjo ya mtoto uiweke kwenye mkoba wa mkononi, usiitie kwenye begi kubwa.

Mama yako