Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kutoka Mwiba Hadi Mtoki

Ndugu wanachama,

Mlinituma nihakikishe masomo yetu ya kinga ya mwili hayaishii kwenye damu. Nimejitahidi, ingawa ratiba iliyumba: taa ya darubini iliungua na vikao viwili vikafa.

Tulianza na mwiba. Ukizama kidoleni huingia na bakteria, na wanaowahi kushtuka ni wenyeji wa pale pale chini ya ngozi, yaani seli za kinga ziitwazo makrofeji na seli za masti. Hizi hazimjui bakteria kwa jina. Hutambua alama walizonazo bakteria wengi, kisha humwaga kemikali zinazotanua mishipa ya damu. Ndiyo maana kidole huwa chekundu, kikavimba na kupwita. Ndani ya saa chache nyutrofili, aina ya seli nyeupe za damu, hupenya kwenye kuta za mishipa hiyo, humeza bakteria na kufa kwa wingi. Usaha ule kwa sehemu kubwa ni mizoga yake. Waliochungulia darubini watakumbuka kiini cha nyutrofili: vipande vitatu vinne, kama shanga zilizotungwa kwenye uzi.

Kisha mwanachama mmoja wa safu ya nyuma akauliza: mbona kidonda kiko mguuni, mtoki uko kinenani? Swali hilo lilitula miezi mitatu, na sijutii. Seli za dendriti, wajumbe wa kinga, hubeba vipande vya bakteria kutoka jerahani hadi kwenye tezi za limfu, kama zile za kinenani. Humo hupita seli T, nazo ni seli nyeupe za damu, kila moja na kipokezi chake cha kumtambua adui, na zinazolingana na kipande hicho ni chache mno. Ikipatikana inayolingana, huzaana kwa siku kadhaa, na tezi hufura. Seli B, aina nyingine ya seli nyeupe, nazo husaidiwa humo humo kutengeneza kingamwili, yaani protini zinazomnata adui. Ralph Steinman, aliyezitambulisha seli za dendriti mwaka 1973, alitangazwa mshindi wa Nobel mwaka 2011 akiwa ameshafariki siku tatu kabla. Kamati haikuwa na habari.

Hapa nina kosa la kukiri. Kwa miaka mingi nimewafundisha kwamba kinga ya asili (makrofeji, nyutrofili na wenzao) na kinga ya kujifunza (seli T na seli B) hupokezana zamu. Sivyo. Seli T hurudi jerahani kuzichochea makrofeji ziue vizuri zaidi, na kingamwili huwagandia bakteria ili nyutrofili ziwakamate kwa urahisi. Nyingine, seli T za kumbukumbu, huweka makazi kwenye ngozi, mapafu na utumbo. Ukipima damu tu, hizo huzioni.

Seli T za udhibiti, zinazozuia kinga isiushambulie mwili wenyewe, tulizigusa juu juu, ijapokuwa ndizo zilizoleta Nobel ya mwaka 2025. Napendekeza tufungue nazo mwaka ujao.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Taa mpya ya darubini imo humo.