Rubani yule hakushindwa kutua

Mhariri,

Nasoma gazeti lenu tangu nikiwa kidato cha pili na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ni ile habari yenu ya ndege ndogo ya binafsi iliyozunguka mara mbili kabla ya kutua kwenye kiwanja cha huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, mkaandika kwamba rubani alishindwa kutua na abiria wake watatu wakanusurika.

Hakushindwa. Alikatisha kutua, yaani aliona hajakaa sawa, akapanda tena kujipanga upya. Dereva wa basi akiamua kutolipita lori kwenye kona za Kitonga, hamuandiki kwamba ameshindwa kulipita na abiria wamenusurika. Mnamwita dereva makini. Kwa nini rubani aliyefanya uamuzi uleule mnamuanika gazetini kama mtu aliyeokota leseni sokoni?

Naomba nieleze, maana inaonekana hakuna aliyemweleza mwandishi wenu. Huku juu hewa ni nyepesi. Ukija kutua na Cessna 172 kwenye kiwanja kilicho futi 6,000 juu ya usawa wa bahari mchana wa jua, saa ya mwendo inasoma maili 65 za baharini kwa saa kama ilivyosoma Dar es Salaam, lakini ardhi chini yako inakimbia kwa zaidi ya 70. Ndege inaelea, haitaki kukaa, na ikishakaa inadai karibu robo zaidi ya njia ili isimame. Wakati huohuo injini imeshapoteza karibu robo ya nguvu zake, kwa hiyo ukitaka kurudi juu lazima uamue mapema, ungali mbali na miti. Hata kile kirungu chekundu cha kurekebisha mafuta kina adabu yake huku. Mwanafunzi aliyejifunzia pwani amezoea kukisukuma chote mpaka ndani anapotua. Akifanya hivyo hapa kisha akaomba nguvu zote ghafla, injini inakabwa na petroli nyingi kuliko hewa, inakohoa, na miti ya milingoti iko mbele yake. Mtu anayejua yote hayo, akaona hajakaa sawa, akaongeza moto na kupanda tena mara mbili akiwa na abiria watatu ndani, huyo ni rubani niliye tayari kumkabidhi wajukuu wangu.

Nasema hivi kwa sababu mimi sikufanya alivyofanya yeye. Novemba 2011 nilikuwa nimekaa zaidi ya miezi minne bila kuruka, ndege ikisubiri kipuri. Kanuni inataka ndani ya siku 90 uwe umepaa na kutua mara 3 ndipo ubebe abiria. Mimi sikubeba mtu, nilibeba kasha la chanjo ya kuku lenye barafu, kwa hiyo kikanuni sikuwa na kosa. Lakini mikono ilikuwa imelala. Nilifika kwenye kiwanja chetu cha nyasi hapa Mufindi saa nane mchana. Kifuko cha upepo, kile kinachomwonyesha rubani upepo unatoka wapi, kilikuwa kimechanika tangu kiangazi, umebaki mlingoti na pete ya chuma, na mimi nikakisia upepo kwa moshi wa shamba la jirani. Nilikosea, upepo ulikuwa mgongoni mwangu. Nikaingia nikiwa juu sana na mwendo mkubwa, na nilijua kabisa kwamba hapa ni kupanda nikajipange upya. Kisha nikawaona watu. Mzee wa kitongoji, vijana wa shamba, mama watoto na mtoto mgongoni, wote wamejipanga pembeni kunipokea. Nikajiambia, nikirudi juu hawa watasema mzee hawezi. Nikaing'ang'aniza. Ndege ikaelea hadi katikati ya kiwanja, magurudumu yakagusa nyasi zilizolowa mvua ya kwanza, nikakanyaga breki, ikateleza kama imetiwa sabuni. Tuliishia mtaroni. Gurudumu la mbele lilivunjika na pangaboi likapinda ncha mbili. Nilizima swichi, nikakaa kimya nikisikia petroli inadondoka tone kwa tone kwenye majani. Na unajua, Mhariri, wale watu walifanya nini? Walipiga makofi. Walinipongeza kwa ushujaa, wakanibeba juujuu. Mwaka uliofuata nilikatisha kutua palepale, bila mkwaruzo wowote, nikazunguka na kutua vizuri, na nilipofungua mlango mzee yuleyule akaniuliza kwa huruma, "Mwanangu, umeshindwa nini leo?"

Habari yenu imesema maneno ya yule mzee. Yeye namsamehe, hakufundishwa. Nyinyi mnasomwa na maelfu, na kati yao wamo vijana wanaojifunza kuruka. Nina mmoja hapa kwangu, ana saa 30 na kitu kwenye daftari lake, na kiwango cha chini cha leseni ya binafsi ni saa 40. Alinionyesha habari yenu kwenye simu akasema yeye hataki kuandikwa hivyo. Hilo ndilo lililonitoa usingizini. Siku atakapokuwa peke yake, amekuja vibaya, na watu wamejaa pembeni na simu zao hewani, nataka awaze mwendo na njia iliyobaki. Sitaki awaze gazeti.

Na kama mnatafuta la kuandika kuhusu marubani wa binafsi, andikeni mafuta. Ndege zetu za pistoni hazinywi mafuta ya taa ya ndege kubwa zinazotua uwanja wa Songwe, Mbeya. Zinataka petroli yake maalumu, na huku kusini unaipata kwa mapipa, ikisafirishwa kwa lori kutoka mbali, ukishalipa nauli bei imekuwa nyingine kabisa. Matokeo yake mtu anaruka pale tu anapokuwa na safari. Hakuna anayewasha injini Jumamosi asubuhi kwa ajili ya kutua mara 5 tu na kurudi nyumbani, na kutua kunataka mazoezi kama kunoa jembe. Nilipeleka hoja hii kwenye ofisi moja, pamoja na ombi la kifuko kipya cha upepo kwa kiwanja kinachotumiwa na jirani zangu wengi, nikaambiwa nijaze fomu. Nimejaza fomu mara 3. Ng'ombe bado wanalala katikati ya kiwanja, na kifuko tulikishona wenyewe kwa turubai la rangi ya chungwa, mke wangu na cherehani yake.

Ombi langu kwenu ni hili. Kwanza, sahihisheni ile habari ukurasa uleule mlioitoa, mwandike kwamba rubani alikatisha kutua mara mbili kisha akatua salama. Pili, mleteni mwandishi wenu Mufindi Jumamosi yoyote, awe kiwanjani saa moja asubuhi kabla mawingu hayajapanda kutoka Kilombero. Nitamweka kiti cha nyuma, kijana wangu akae kulia kwangu na daftari lake, na tutatua mara 3. Mara ya nne nitakuja vibaya kwa makusudi, juu na mwendo mkubwa, nimwonyeshe ni wapi hasa uamuzi unafanyika, kisha tutapanda. Mafuta nitalipa mimi. Aje na sweta, huku asubuhi ni baridi.

Rubani wa ndege binafsi,
Mufindi, Iringa.