Mabomu yateguliwe kabla ya kuchongwa sanamu

Mheshimiwa Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kukuandikia, lakini habari yako kuhusu vijana wa hapa Goma wanaogeuza mabaki ya vita kuwa sanamu imenikosesha utulivu. Sanaa hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Kinachonikera ni kwamba mwandishi wako alieleza vizuri jinsi chuma kinavyochomelewa na kupakwa rangi, ila hakuuliza kilitoka wapi, nani alikiokota, wala nani alihakikisha kwamba hakina baruti.

Siku chache baadaye mtoto wa jirani yangu huko Ndosho, ambaye bado yuko shule ya msingi, aliingia uani kwetu na mfuko wa maganda ya risasi, na chini ya maganda hayo mlikuwa na bomu la mzinga, zima, pamoja na mapezi yake. Akaniambia kwa furaha, "Mama, wasanii wananunua." Tulimtoa mtoto, tukawaondoa watu wa nyumba zote za karibu, mkuu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wetu, akapiga simu, nasi tukalala kwa ndugu hadi mafundi wa kutegua mabomu walipokuja kulichukua.

Mapigano ya Januari 2025 yaliacha silaha na mabomu katika mitaa, mashamba na kambi zilizokuwa za wakimbizi, na kila mzazi wa mji huu anajua hivyo. Ganda la risasi iliyokwisha kupigwa ni chuma kitupu. Bomu lililorushwa likaanguka bila kulipuka ni jambo jingine kabisa, kwa sababu kiwashio chake, yaani sehemu inayolilipua, huenda kimekwisha kujiweka tayari, na kulibeba, kuligonga au kulipasha moto kwaweza kukamilisha mlipuko ulioshindikana lilipoanguka. Huko Laos, ambako Marekani ilidondosha zaidi ya tani milioni 2 za mabomu kati ya 1964 na 1973, wanakijiji huyeyusha alumini yake wakatengeneza vijiko, na wanaowasifu kwa hilo wana haki. Lakini nchini humo humo watu wengi wamepoteza mikono na maisha wakitafuta chuma cha kuuza. Basi gazeti linalosifu kijiko likanyamaza kuhusu mikono hiyo linawafundisha watoto wetu nini?



Msumbiji ilionyesha njia. Mradi ulioanzishwa na Baraza la Kikristo mwaka 1995 ulipokea silaha, ukawapa watu majembe, baiskeli na cherehani, na silaha zilikatwa na kuharibiwa kwanza ndipo zikafika kwa wasanii.

Kwa hiyo naomba kila karakana ya Goma ipokee chuma kutoka kwa wateguaji peke yao, isinunue kamwe kwa mtoto, na kila sanamu ibandikwe karatasi inayotaja timu iliyoikagua. Nawe, Mhariri, chapisha katika ukurasa ule ule wa picha zile, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa: usiguse, weka alama kwa mbali, rudi ulikopitia, mwambie mtu mzima.

Mama wa Ndosho, Goma