Barua ya wazi kwa vijana wangu mnaotaka mahakama zifungwe turudi kwenye torati

Wanangu,

Tangu yule mshtakiwa aachiwe huru kwa kukosekana ushahidi nimekaa kimya nikisoma mnayoandika. Mmoja kasema mahakama zimekufa, mwingine akasema hakimu kanunuliwa, alafu ikaja ile ambayo wote mliishangilia, kwamba tungekuwa tunafuata sheria ya Mungu huyo mtu angeshapigwa mawe siku nyingi maana Biblia imesema jicho kwa jicho na jino kwa jino. Nimewalea kwenye Neno wengi wenu, hasira yenu naielewa, mtu kaumizwa na familia yake inalia mpaka leo. Lakini hilo la torati siwezi kulinyamazia, kwasababu torati mnayoitaka nyie haiko kwenye Biblia yangu wala haiko kwenye ya kwenu.

Fungueni Kumbukumbu la Torati 19. Maneno ya jicho kwa jicho yapo mstari wa 21, mwisho kabisa wa sura. Sasa rudini nyuma muone hapo yalikuwa yanamhusu nani. Kuanzia mstari wa 16 habari yote ni ya shahidi wa uongo, mtu aliyesimama kumshtaki ndugu yake kwa jambo ambalo hakulifanya, na waamuzi wanaambiwa wachunguze sana, wakikuta ni mwongo basi wamtendee yeye kile alichokusudia ndugu yake atendewe. Yaani kama alitaka mwenzake afe, anakufa yeye. Kwahiyo pale hilo neno halikuandikwa kumkomoa mshtakiwa, liliandikwa kumtisha mshtaki. Mpaka hapo nawauliza, wangapi kati yenu mlioandika "ni yeye tu, kila mtu anajua" mko tayari kubeba adhabu yake ikija kuonekana sio yeye?

Na mstari wa 15 unasema shahidi mmoja hatoshi kumtia mtu hatiani kwa kosa lolote, wanatakiwa wawili au watatu. Kwenye kesi ya kuua ndo limekazwa zaidi, Hesabu 35:30, mtu hauawi kwa kinywa cha shahidi mmoja. Alafu Kumbukumbu 17:7 ikaongeza kitu ambacho mimi kila nikikisoma kinanitetemesha, kwamba mkono wa mashahidi ndo uwe wa kwanza kumrushia mawe. Sio askari wala mtu wa serikali aliyejificha nyuma ya ukuta, ni wewe uliyesema "nilimwona", unaokota jiwe la kwanza huku anakutazama.

Ntawaambia kwanini linanitetemesha, ingawa sijawahi kuliandika popote. Miaka mingi iliyopita niliitwa mahakamani kama shahidi. Kulikuwa na wizi wa usiku pale nilipokuwa nafanya kazi, mlinzi akaumizwa, mimi nikawa nimemmulika mtu kwa tochi akiruka ukuta. Polisi waliponionyesha kijana mmoja nikasema ndo huyu, na niliamini kabisa, naapa sikuwa nasema uongo. Kijana akakaa mahabusu miezi kumi na moja maana kwao hakukuwa na wa kumwekea dhamana. Kesi ilipofika wakili wake akasimama kunihoji, hakunitukana wala hakunipandishia sauti, aliniuliza tu maswali madogo madogo, tochi ilikuwa na mwanga kiasi gani, ulimwona kwa muda gani, alikuwa amekugeuzia uso au mgongo, ulishawahi kumwona kabla. Nikajikuta najibu: sekunde mbili tatu, ubavu, hapana. Nikamchukia sana yule wakili, nikatoka pale nikisema hawa watu kazi yao kutetea wezi. Hakimu akamwachia yule kijana. Baada ya muda alikamatwa mtu mwingine kabisa na vitu vya pale ofisini vikakutwa kwake, na huyo mtu hakufanana na yule kijana hata kidogo zaidi ya urefu. Wanangu, ingekuwa jiwe la kwanza ni langu ningelirusha, tena kwa nguvu.

Hii ndo sababu mnaponiandikia kwamba mawakili wa utetezi ni watu wa shetani mimi siwezi kuitikia amina. Kile mnachokiona ni ujanja wa wazungu, kwamba mtu asikilizwe, akutane na wanaomshtaki, apewe nafasi ya kujitetea, kipo kwenye Maandiko. Nikodemo aliwauliza wenzake kwenye Yohana 7:51 kama torati yao inamhukumu mtu kabla hajasikilizwa. Paulo naye alikuwa anajua haki zake vizuri sana, walipomfunga kamba wampige mijeledi aliuliza kama ni halali kumpiga Mrumi ambaye hajahukumiwa, na alipoona hapati haki alikata rufani kwa Kaisari, Matendo 25. Mbele ya mfalme Agripa, liwali wa Kirumi Festo akasema si desturi ya Warumi kumtoa mtu kabla hajaonana uso kwa uso na wanaomshtaki. Kesi ya Bwana wetu je? Marko anasema mashahidi walikuwa wengi ila maneno yao hayakupatana, na bado wakamhukumu. Tukio ambalo imani yetu yote imesimama juu yake ni hukumu ambayo utaratibu wake ulivunjwa ili umati uridhike.

Sasa nije kwenye hili la "torati ingemmaliza". Mimi nawaambia torati ingewaachia watu wengi kuliko hizi mahakama mnazozitukana. Mahakama za leo zinaweza kumtia mtu hatiani kwa alama za vidole, kwa damu iliyopimwa maabara, kwa picha za kamera, hata bila mtu mmoja aliyeona kwa macho, mradi vipande vyote vikiunganishwa visiache shaka yoyote ya maana. Torati kwenye kesi ya kifo inataka macho mawili ya watu wawili. Muuaji aliyeua usiku peke yake bila kuonwa, kwa torati humpati. Na walimu wa Kiyahudi waliokuja baadaye, ambao mafundisho yao yalikusanywa kwenye Mishna kama mwaka 200 baada ya Kristo, walizidi kukaza: kesi ya kifo iwe na waamuzi 23, wingi wa mmoja unatosha kumwachia ila kumhukumu lazima wazidi wawili, kumwachia inaweza kuwa siku hiyo hiyo lakini hukumu ya kifo inalala mpaka kesho yake. Wakasema baraza linaloua mtu mmoja kwa miaka saba ni baraza la uharibifu, na mmoja wao, Eleazari mwana wa Azaria, akasema hata mmoja kwa miaka 70. Hawa ni watu waliokula na kulala na torati, hawakuona aibu mtu kuachiwa.

Waliofanya kama mnavyotaka nyie wapo pia, na historia imeandika. Massachusetts, koloni la Waingereza kule Amerika, mwaka 1641 waliandika sheria zao na kwenye makosa ya kifo wakaweka pembeni mistari ya Biblia kabisa, na kanuni ya mashahidi wawili au watatu waliiweka pia. Lakini 1692 pale Salem hofu ya uchawi ilipopanda, ule mstari wa Kutoka 22:18 wa kutomwacha mchawi aishi ukakumbukwa na ule wa mashahidi ukasahaulika. Wakapokea ushahidi wa mtu kusema nimeona roho ya fulani imekuja kunikaba usiku. Watu 19 wakanyongwa, na mzee mmoja akakandamizwa kwa mawe mpaka akafa kwasababu alikataa kujibu mashtaka. Mchungaji Increase Mather akaandika mwaka huo huo kwamba ni heri washukiwa kumi wa uchawi waponyoke kuliko mtu mmoja asiye na hatia ahukumiwe. Hakimu mmojawapo, Samuel Sewall, mwaka 1697 alisimama kanisani toba yake ikisomwa mbele ya watu wote. Lakini aliyenyongwa hafufuki kwa toba ya hakimu.

Nisieleweke vibaya, sijasema mahakama za leo ziko sawa. Kuna mahali torati inatushinda mpaka naona aibu, nalo ni hili la aliyeibiwa. Kwenye torati jela kama adhabu haipo kabisa, mtu aliwekwa kizuizini tu akisubiri uamuzi, kama yule wa Walawi 24:12. Mwizi analipa. Kutoka 22 inasema akiiba ng'ombe akamchinja au akamuuza analipa ng'ombe watano, kondoo analipa wanne, akikutwa naye bado yuko hai analipa wawili. Na analipwa nani? Analipwa mwenye mali. Watu wakigombana mmoja akalala kitandani kwa kipigo, Kutoka 21:19 inamtaka aliyepiga alipie siku zote ambazo mwenzake hakufanya kazi na amuuguze mpaka apone. Leo kosa la jinai linahesabika limetendewa jamhuri au mfalme, serikali ndo inashtaki, wewe uliyeumizwa unageuka shahidi tu, unaitwa unahojiwa unaambiwa asante nenda nyumbani, mtu anafungwa miaka mitano inagharamiwa na kodi yako na wewe hujarudishiwa hata kitu kimoja. Sheria nyingi zinamruhusu hakimu kuamuru fidia lakini mara nyingi haiombwi wala haifuatiliwi. Hapo ndo ningependa nguvu zenu ziende, mngeuliza aliyeumizwa analipwa nini, maana wiki nzima nimesoma jumbe zenu na hakuna hata mmoja aliyeuliza yule mama wa familia iliyoumizwa anakula nini.

Na kuna mahali torati ukiibeba lazima uibebe yote. Kumbukumbu 21 inasema mwana mkaidi asiyesikia baba wala mama apelekwe kwa wazee langoni apigwe mawe. Hesabu 15 kuna mtu aliokota kuni siku ya sabato, naye akapigwa mawe. Kutoka 21:21 inazungumzia mtumwa aliyepigwa kwa maneno ambayo nikiyasoma moyo unauma na sitawadanganya kwamba nimeyaelewa. Lakini humo humo sura hiyo, bwana akimtoa mtumwa wake jicho anamwacha huru kwa ajili ya jicho lake, na ukilinganisha na sheria za Hammurabi wa Babeli, kama 1750 kabla ya Kristo, ambapo jicho la mkubwa lililipwa kwa jicho na la mtu wa chini kwa mina moja (kipimo cha uzito cha zamani) ya fedha, unaona kuna kitu kilikuwa kinasogea. Jicho kwa jicho ilikuwa kipimo, usizidishe, jicho moja sio kichwa kizima, sio nyumba ya ndugu zake ichomwe. Hata viboko viliwekewa mwisho, 40, Kumbukumbu 25:3, ili ndugu yako asidharaulike machoni pako. Anaitwa ndugu yako hata akiwa amelazwa chini anachapwa.

Kuhusu hakimu kununuliwa: kama kuna mwenye ushahidi aupeleke panapohusika, rushwa inalaaniwa na Maandiko na inaadhibiwa na sheria, na upande wa mashtaka kwenye nchi nyingi unaweza kukata rufaa. Kama huna ushahidi, basi umemshuhudia jirani yako uongo, na hiyo ni moja ya zile amri kumi. Kutoka 23 inaanza na kukataza kueneza habari za uongo, mstari wa pili unasema usiandamane na mkutano kutenda uovu, na wa tatu, ambao hamtaupenda, unasema usimpendelee hata maskini kwenye kesi yake. Yaani hata huruma yako isiingie kwenye mizani.

Jambo la mwisho ni lile la mmoja wenu aliyeandika kwamba tukimkuta mtaani tutajua la kufanya. Mwanangu, nimekuona na nalijua jina lako. Sheria ya Musa ilimjua mlipiza kisasi cha damu, ndugu wa marehemu aliyekuwa anamwinda muuaji, na ili kumzuia ikaweka miji sita ya kukimbilia, mitatu kila upande wa Yordani, mkimbizi aingie humo mpaka asimame mbele ya mkutano ahukumiwe. Na Kumbukumbu 19:3 iliagiza njia za kwenda huko zitengenezwe. Fikirini hilo, taifa zima linaambiwa litengeneze barabara ili mtu anayeshukiwa kuua afike mlangoni kabla anayemfukuza hajamfikia.

Jumamosi jioni nitakuwepo pale pale tunapokutania. Njooni na Biblia zenu, na wewe uliyeandika hayo ya mtaani uje ukae karibu na mimi. Tutaisoma hiyo sura ya 19 tukianzia mstari wa kwanza, alafu tutatoka wote twende kwa yule mama tukamuulize anahitaji nini.

Mzee wenu.