Asante, dada uliyetusaidia wanachama waingie

Dada huyu hataki kutajwa jina, lakini lazima nimshukuru hadharani. Programu ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa ilikuwa inawakataa wanachama wenye nywila sahihi. Aliuliza kwanza namba ya kosa. Ilikuwa 401: seva, yaani kompyuta inayoendesha programu, haijamtambua mtu. Ingekuwa 403, yaani mtu anatambulika ila haruhusiwi, angetafuta ruhusa zilizokosekana. Akanikataza kabisa kumtumia tokeni, yaani kile kibali cha kidijitali anachopewa mwanachama akiweka nywila, maana anayeishika anaweza kuingia kwa jina la mwenye tokeni. Akanielekeza niifungue kwenye kompyuta yangu, sehemu ya kati kati ya sehemu zake tatu, nisome muda wa tokeni kuanza kutumika na kuulinganisha na saa ya seva. Saa ya seva ilikuwa nyuma! Kila tokeni mpya ilionekana haijafika wakati wake. Tukairekebisha, watu wakaingia. Mafundi wenzangu, mkiombwa msaada, anzeni na ile namba kama yeye.