Barua ya wazi kwa Waziri wa Kaunti anayesimamia mipango ya miji, Nairobi: haki ya kupitisha maji isajiliwe kabla ya ramani kupigwa muhuri

Mheshimiwa,

Mimi ni mjenzi wa nyumba za kupangisha, kazi zangu nyingi ziko Kasarani na Ruai. Nina ombi moja. Jengo lolote ambalo maji yake ya mvua hayana budi kupitia ploti ya mtu mwingine, ramani yake isiidhinishwe mpaka haki hiyo ya kupitisha maji iwe imesajiliwa kwenye ardhi zote mbili.

Najua hii ni karatasi nyingine juu ya karatasi. Lakini ploti ya futi 50 kwa 100 ikiwa bado nyasi hunywa sehemu kubwa ya mvua yake. Ijaze gorofa, tandaza kabro, yale matofali ya sakafu ya nje, mpaka ukutani, kisha inyeshe mvua ya masika ya milimita 50: zaidi ya lita 23,000 zinatafuta pa kwenda. Yaani matangi mawili ya lita 10,000 yanajaa na maji bado yapo. Jiji hili limeinama kutoka Dagoretti kuelekea Embakasi na Ruai, kwa hiyo anayepokea ni jirani wa chini, na mtaro wa barabara, kama upo, mara nyingi uko ng'ambo ya ploti yake.

Hapo mazungumzo huanza, tena huanza vibaya, kwa sababu wajenzi wengi humwendea jirani slabu ya kwanza ikiwa imeshamwagwa. Mama mwenye ploti ya chini anaona wazi umebanwa. Anataja bei, au anakataa tu, na kukataa ni haki yake. Ukimtajia bomba, anafikiria maji ya choo. Simlaumu. Mitaa mingi ya huku haina laini ya maji taka, watu wanategemea septiki na baiodaijesta, yaani matangi ya kuozeshea uchafu wa choo kwenye ploti, na wako wanaofungulia uchafu usiku mvua ikinyesha.

Ukikaa naye vizuri, pesa si jambo la kwanza analouliza. Anataka kujua bomba litapita wapi na kama ataweza kujenga karibu nalo. Nani atazibua chemba, yale mashimo ya kukagulia bomba, zikijaa mchanga na makaratasi? Nani atarudisha ukuta na kabro zake zilivyokuwa? Na je, yeye naye ataruhusiwa kuunganisha maji ya paa lake? Hili la mwisho ndilo hulainisha mambo kuliko yote. Bomba likifuata mpaka wa ploti, likiwa na mteremko wa sentimita moja kwa kila mita na chemba kila linapokata kona, tena likawafaa wote wawili, watu huelewana.

Lakini wakishaelewana, mapatano hubaki mdomoni, au kwenye karatasi iliyotiwa sahihi mbele ya mzee wa Nyumba Kumi. Baadaye ploti ya chini inauzwa. Mnunuzi amefanya sachi kwenye rejista ya ardhi, haikuonyesha kitu. Anachimba msingi, anakuta bomba asilolijua, analikata na kuziba shimo la ukutani kwa simiti. Mimi ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo.

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 tayari imeweka njia. Mwenye ardhi anaweza kumpa mwenye ardhi nyingine haki ya namna hii kwa hati inayotaja aina ya haki, muda wake, masharti, sehemu hasa inayoguswa na ardhi inayofaidika, pamoja na mchoro. Tatizo ni kwamba inahitaji wakili na mpimaji, na kama ploti imewekwa rehani, benki nayo iingizwe. Mama wa ploti ya chini ahangaike hivyo kwa ajili ya gorofa yangu?

Kwa hiyo toeni fomu moja, kwa Kiswahili, yenye mchoro wa mfano, na gharama zote za pande mbili zibebwe na anayejenga. Mtumeni injinia wenu aitishe kikao cha majirani kabla ya idhini, siyo baada ya malalamiko. Mtu wa kaunti akisema bomba ni la mvua peke yake na kwamba atalikagua, jirani anasikia tofauti na anaponisikia mimi.

Akikataa, mchoro ubadilike: kabro zipungue, au lichimbwe tangi la kushika mvua na kuiachilia polepole. Kwenye udongo mwekundu wa Kileleshwa shimo la kunyonya maji laweza kusaidia. Kwenye udongo mweusi wa Embakasi, unaovimba ukilowa, shimo hilo ni kidimbwi tu, na bado wachoraji wanalichora!

Mafuriko ya Aprili 2024 yaligeuza macho yote kwenye kingo za mito, na ilistahili. Lakini maji yaliyojaza mito hiyo yalitoka pia kwenye mapaa na kabro zetu. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ipo, ila vuli huanza Oktoba na haingojei kesi itajwe.

Kama ni mengi kwa mpigo, anzeni na maombi ya magorofa pekee. Langu la ploti ya Mwiki linaandaliwa. Majirani wawili wa chini wamekubali kwa maandishi, na mchoro upo. Lifanyeni la kwanza.

Wako mwaminifu,
Mjenzi, Kasarani